Punda Si Tusi

Wenzangu wa kalamu, leo nimekuja kugombana.

Nimezipitia hadithi zetu, hizi tunazosomeana Jumamosi na kupigiana makofi, nikimtafuta punda. Nimempata, tena tele! Mume mjinga ni punda. Msichana anayemeza dawa za kulevya apite nazo uwanja wa ndege ni punda. Karani asiyepandishwa cheo anafanya kazi kama punda. Na mwanafunzi akimsaliti mwalimu wake, basi, asante ya punda ni mateke. Lakini punda mwenyewe, wa miguu minne, anayepumua, hayumo hata katika aya moja. George Orwell, Mwingereza yule, katika Shamba la Wanyama alimpa punda akili ya kusoma sawa na nguruwe. Sisi tulioletewa maji na punda tumempa nini?

Nasema hivi kwa sababu shosho yangu, kule Mwea, alikuwa na punda mmoja. Asubuhi alibeba mitungi minne ya maji, kila mmoja lita 20. Hizo ni kilo 80 mgongoni kabla jua halijachomoza. Msimu wa mavuno alifungwa mkokoteni, akavuta magunia ya mpunga ya watu hadi kinuni, na hela hiyo ndiyo iliyonilipia karo. Ng'ombe wetu alikuwa na jina. Mbwa, ambaye hakuwa na kazi ila kubweka, alikuwa na jina. Punda aliitwa punda.

Mwaka 2018, nikiwa kidato cha pili, aliibwa usiku. Tulimkuta ng'ambo ya mfereji. Nyama imeachwa pale pale, ngozi haipo.

Si kwetu tu. Tangu 2016 Kenya ilikuwa imefungua vichinjio vya punda, na ngozi zilikuwa zikitakiwa China, ambako huchemshwa kutoa gundi iitwayo ejiao, inayouzwa kama dawa ya kuongeza damu na kupendezesha sura. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Na punda jike hubeba mimba mwaka mzima hivi, akazaa mtoto mmoja tu. Utafidia vipi jamani? Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo 2020, Mahakama Kuu ikaifuta amri 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuipiga marufuku biashara ya ngozi zenyewe. Miaka yote hiyo ya vuta nikuvute, sisi tulikuwa tunaandika nini? Mapenzi ya chuo kikuu, ambako wengi wetu hatujakanyaga.

Yuko atakayenijibu kwamba punda wanateswa na wenyewe kwanza. Kweli kabisa. Mimi hapa nilimchapa. Kamba ya nailoni ilimla kifuani mpaka kidonda kikajaa nzi; nikakimwagia oili chafu ya gari, kama nilivyoona wakubwa wakifanya, halafu nikamfunga tena mkokotenini. Hakunipiga teke. Siku moja alisimama katikati ya barabara, hataki kwenda, nikamwita mkaidi na kuchukua fimbo. Baadaye sana ndipo nilipojua kuwa punda akiogopa au akiumwa husimama, hatimui mbio kama farasi. Mkaidi nilikuwa mimi.

Baada ya wizi ule shosho alirudia kubeba maji mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, na miaka yake sitini na kitu. Binamu yangu wa darasa la sita akawa anaanza mferejini, kisha shule. Kisha shule ikawa kesho. Kisha ikawa wiki ijayo. Tunalalamika eti hatuna visa vya kuandika!

Nina riwaya ninayohangaika nayo. Ukurasa wa 12 mhusika wangu alimwita mkewe punda, nimefuta. Mhariri akitaka mapenzi yatakuwemo, sikatai, ila maji ya kuoga hao wapenzi lazima yaletwe na mtu, na aliyeyaleta nitamwandika, pamoja na kile kidonda cha kifuani.