Maarifa ya Fundi: Tundu Dogo, Ukuta Mnene

Msomaji wetu mmoja wa Mtongwe, upande wa Likoni, ana kinu cha kusaga mahindi kiendeshwacho kwa mtambo wa dizeli. Juma lililopita mrija upelekao mafuta kutoka kwenye pampu hadi kwenye nozeli ulipasuka, na wateja wakarudi makwao na mahindi yao. Fundi amemwambia kwamba atamtengenezea mwingine kwa kipande cha mrija wa breki ya gari, kwa muda wa nusu saa tu na kwa bei ndogo. Ataka kujua kama akubali. Na kama asikubali, atapata wapi mrija wa chuma wenye tundu dogo na ukuta mnene.

Kwa swali la kwanza jibu langu ni hapana. Lakini yafaa nieleze sababu, kwa maana mtu akatazwaye bila kuelezwa hulirudia jambo lile lile siku ya pili.

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kiasi cha ratili 30 kwa kila inchi ya mraba. Mafuta ya dizeli yaendayo kwenye nozeli husukumwa kwa nguvu ambayo mara nyingi hupita ratili 2,000 kwa inchi hiyo hiyo. Tena huenda kwa mapigo, mamia kwa kila dakika. Ndiyo sababu mrija wake hufanywa kwa chuma cha pua kisicho na mshono. Ufundi wa kutoboa chuma kizima kikawa bomba lisilo na mshono ulivumbuliwa Ujerumani mwaka 1885 na ndugu wawili, Reinhard na Max Mannesmann. Mrija wenye mshono, ukipigwa hivyo mchana kutwa, huanza kupasuka pale pale palipoungwa.

Sasa tazama unene. Chukua mirija miwili yenye upana wa milimita 6 kwa nje, mmoja una tundu la milimita 2 na wa pili tundu la milimita 4. Kwa macho ni mapacha. Lakini ukuta wa kwanza ni milimita 2, na wa pili ni milimita 1 tu. Na mafuta yakisukuma kwa nguvu ile ile, chuma cha huo wa pili hubeba mkazo zaidi ya maradufu. Mrija wa breki ni mwembamba hata kuliko huo, kwani kwa kawaida ukuta wake haufiki milimita 1. Tena tundu likiwa pana, mafuta hayafiki kwenye nozeli kwa wakati wake, na mtambo hutoa moshi na kupoteza nguvu.

Hasara ya mafuta si kitu mbele ya hatari iliyopo. Mrija ukipata ufa mdogo, dizeli hutoka kama sindano na kupenya ngozi ya mkono. Kidonda huonekana kama tundu la mwiba, nacho huenda kisiume kwa saa za kwanza. Kumbe ndani nyama inaharibika, na wengine wamekatwa vidole. Kwa hiyo, mtu asitafute uvujaji kwa kupapasa kwa mkono. Atumie kipande cha kadibodi, naye asimame mbali. Na aliyepigwa na mafuta hayo aende hospitali saa ile ile, aeleze kwamba ni dizeli ya pampu, wala asingoje uvimbe.

Basi mrija upatikane wapi? Kwanza, kwa fundi wa pampu za dizeli, ambaye huwa na mrija wa chuma wa kukata kwa kipimo na mashine ya kuufinyanga kichwa ukiwa baridi. Usikubali kichwa cha kuunganishwa kwa moto. Pili, kwenye yadi za malori za Changamwe na Jomvu, ambako mitambo iliyokufa hufunguliwa. Nenda na mrija wako wa zamani mkononi, ulinganishe urefu, vichwa na tundu. Wenye kutu au uliopindwa mara nyingi uache. Na ununue kwa muuzaji mwenye leseni, akupe risiti. Biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku nchini Kenya Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa mali ya umma, ikafunguliwa tena Mei mwaka ule ule kwa masharti ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015.

Sisemi kwamba vipuri vya kujitengenezea ni vibaya. Bushi ya mkokoteni, ya baiskeli au ya kiwiko cha pampu ya kisima yaweza kukerezwa vizuri sana kutokana na kipande cha mrija mnene, na ikilika, gurudumu litalegea tu. Kabla ya kukata chuma, mwulize fundi wako: kipuri hiki kikivunjika, nani ataumia?

Kinu cha Mtongwe kikilala siku tatu, ni hasara kweli. Lakini siku ya nne mahindi yatasagwa, na msagaji atakuwa na vidole vyake vyote kumi.