Nani Anayefundisha Nyumbani?

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu wazazi wanaosomesha watoto wadogo nyumbani, nilijua tutaletewa picha za trei, na kweli zimemiminika. Trei ya mbao yenye majagi mawili madogo, moja tupu, jingine la maji. Trei ya mchele uliotiwa rangi ya buluu, na vijiko vya kuuchota. Sina ugomvi na trei, ingawa mchele wa kutiwa rangi ili umwagwe unanikaa kooni.

Ugomvi wangu ni mwingine. Katika makala zote tulizopokea, za Nairobi na za Dar es Salaam, mama anafundisha, baba anasaidia Jumamosi, bibi anasimulia hadithi. Dada wa kazi hayumo. Ametajwa katika makala moja tu, ya mama wa Kimara, na humo amepewa nusu sentensi. Sasa nauliza, na mtaninunia: asubuhi nzima mama akiwa chumbani kwenye kompyuta, akifanya kazi inayolipa kodi ya nyumba, mtoto wa miaka minne yuko na nani?

Yuko jikoni. Mtazameni dada akichambua mchele. Anaumimina kwenye ungo, anaupepeta, kisha anauvuta kwa kidole kidogo kidogo. Mawe yanatupwa. Chuya zinawekwa kando, za kuku. Chenga zinatengwa kwa uji. Mtoto aliyekaa naye mkekani ametenganisha vitu kwa umbo, rangi na ugumu, amebana kwa vidole viwili punje ndogo kuliko ncha ya penseli, na akipitiwa na jiwe, jino la mtu litatoa taarifa saa ya chakula. Zoezi lenye uzito kiasi hicho halinunuliwi dukani. Halafu anaitwa aondoke hapo kwa sababu saa ya somo imefika: akamimine maji kutoka jagi hadi jagi.

Wanaomtaja Maria Montessori kila baada ya aya mbili wangekumbuka alikoanzia. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa makabwela wa Roma, kwa watoto wapatao 50 ambao wazazi wao walishinda kazini. Vifaa vya mbao vilikuwapo, lakini watoto walijifunza pia kunawa, kufunga vifungo, kufagia na kuandaa meza. Na mwanamke aliyekabidhiwa watoto hao hakuwa mwalimu aliyehitimu.

Wala hatulazimiki kwenda Roma. Mwaka 1986, Mombasa, Bi Swafiya Said alianzisha shule ya awali ya kwanza katika mpango wa Madrasa, ulioungwa mkono na Wakfu wa Aga Khan. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyohiyo, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana hapohapo. Jirani alipewa mafunzo, akaitwa mwalimu, na wazazi wakamwamini. Kinachotushinda sisi, wenye ratiba za rangi zilizobandikwa kwenye friji, ni nini?

Turudi kwa mama wa Kimara. Anashangaa, kwa dhati kabisa, kwamba mwanawe alijua kutoa kabla ya kufika kwenye somo la kutoa. Jibu limo katika ile nusu sentensi yake: dada alikuwa amemfundisha mdako. Sakafu ya vigae haichimbiki, kwa hiyo dada alichora duara kwa chaki badala ya shimo, akaweka vijiwe kumi na kutafuta ndimu. Unairusha ndimu juu, unazoa vijiwe vyote nje, unaidaka. Unairusha tena, unavirudisha ndani ukibakiza kimoja. Vikiisha, unaanza upya ukibakiza viwiliviwili. Ukifika kwenye vitatuvitatu unagundua mwenyewe kwamba kumi hazigawanyiki sawa, kimoja kinakwama. Ukikosea hesabu, zamu imekwenda, na hakuna wa kukupa nyota ya karatasi kwa kujaribu.

Zilizobaki nazitaja kwa kupita. Makala ya wakili inaonyesha jinsi Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, inayomtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, inavyowaweka roho juu wanaosomesha nyumbani. Isomeni kabla ya kumwondoa mtoto darasani. Ile ya Mtaala wa Umilisi ni kali, tena kwa haki: tangu 2019 wazazi wamekuwa wakikata manila usiku ili mtoto aonekane amefanya kwa mikono yake. Waandishi wawili wanabishana kuhusu mtoto wa nyumbani atacheza na nani. Sina la kuongeza, ila wanaouliza hivyo mara nyingi ndio waliompakia wao kwenye basi la shule kabla jua halijachomoza.

Mjumbe mmoja wa bodi yetu amenionya nisiipambe kazi ya ndani. Dada wengi, amesema, ni wasichana waliokatishwa masomo, wanaolala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Kuwaita walimu ni kuwaongezea mzigo kwa jina zuri. Onyo nimelipokea, na ndiyo sababu naisukuma hoja hii hadi kwenye mshahara. Kama mtoto anajifunza kwa dada, basi apangiwe saa za mtoto, apunguziwe nguo za kufua, alipwe kwa kazi zote mbili, na alipiwe kozi ya malezi anayoitaka. Na ratiba ya wiki ipangwe naye akiwa amekaa mezani.

Toleo lijalo litapokea makala za dada wa kazi wenyewe. Asiyependa kuandika arekodi kwa simu, tutayanukuu maneno yake kama alivyoyasema. Malipo ni yaleyale ya waandishi wengine, na yataingia kwenye namba yake, si ya mwajiri.