Kikulacho ki Nguoni Mwako



Nyumbani kwetu Jozani tuna kompyuta mbili na kifurushi kimoja cha intaneti. Kompyuta moja ni ya mke wangu, ambaye ni mwalimu. Ya pili ni ya mdogo wangu, mwanafunzi wa chuo anayeishi nasi. Zote huchota kwenye ruta ndogo yenye laini ya simu, tuliyoiweka dirishani ukumbini.

Tuliponunua ruta hiyo nililipia gigabaiti 30, nikitaraji zitufikishe mwisho wa mwezi. Siku ya sita zikawa zimekwisha, na mke wangu akakwama usiku ule ule aliotakiwa kuwasilisha alama za wanafunzi. Baada ya swala ya Isha nikamwita mdogo wangu, nikamlaumu kwa kutazama mpira. Akasema, “Wallahi kaka, sikutazama.” Sikumsadiki.

Asubuhi yake alituomba tukae sote. Akafungua katika kila kompyuta ukurasa wa Windows unaoonesha kila programu imetumia kiasi gani. Kompyuta ya mke wangu, iliyokaa miezi mingi bila intaneti, ilikuwa imejipakulia masasisho ya gigabaiti nane. Yake ilichukua tano. Kisha akaniomba simu yangu. Video za makundi ya WhatsApp, nyingi sikuwahi hata kuzifungua, zilikuwa zimekula tisa. Nane zilizobaki ndizo zilizokwenda kwenye masomo na kazi. Mlaji mkubwa, basi, alikuwa mfukoni mwa kanzu yangu.

Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Kompyuta na simu zikiona Wi-Fi hudhani kuwa zimefika kwenye mtandao usio na kikomo. Hazijui kwamba nyuma ya ruta kuna kifurushi kinachohesabiwa. Ni juu yetu kuziarifu.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza, katika mipangilio ya mtandao ya kila kompyuta tuliwasha kile kinachoiambia Windows kwamba mtandao huu unapimwa. Tangu hapo masasisho mengi hayapakuliwi bila ya ruhusa yetu. Masasisho yenyewe tusiyaache kabisa, kwani ndiyo kinga ya kompyuta. Tumeyatengea siku yake. Katika simu nimezuia video kujipakua zenyewe.

Pili, tumepunguza ubora wa video. Saa moja ya video ya ubora wa juu huweza kula hadi gigabaiti tatu, na ya ubora wa kawaida hutosheka na moja au pungufu. Mhadhara husikika vyema kwa vyovyote.

Tatu, tumebadilisha nenosiri lililokuja na ruta, na tumekubaliana kwamba mwenye kazi ya kuwasilisha usiku huo ndiye wa mwanzo. Uadilifu si lazima uwe nusu kwa nusu. Mwenye haja kubwa zaidi hutangulizwa.

Limebaki la nne, nalo halimo katika mipangilio yoyote. Suratul Hujurat, aya ya 12, inatukataza kukithirisha dhana, na mimi nilimdhania ndugu yangu kabla ya kutazama hesabu. Nilimwomba radhi mbele ya mke wangu, kwa kuwa nilimlaumu mbele yake. Ewe mzazi, kifurushi kikiisha kabla ya wakati, anza na simu yako.

Wabillahi tawfiq.