Shemeji na 'Nyumba Ndogo' ya Sega

Mwezi huu tunakwenda Issuna, wilayani Ikungi, mkoani Singida, kule kwenye alizeti na kuku wa kienyeji. Msomaji wetu wa huko ni mwalimu, ana ndoa ya miaka minne. Anasema mumewe hanywi, hachepuki, na saa mbili usiku yuko nyumbani. Ila akishakula tu, anajifungia chumba cha pili mpaka saa saba usiku, na huko ndani zinasikika kengele, besi na milio kama ya simu za zamani. Mwalimu akajua hapa kuna nyumba ndogo inapigiwa simu. Alipofungua mlango, akamkuta mzee mzima na Sega!

Wala hachezi gemu, anatunga muziki. Hilo peke yake lisingekuwa noma. Noma ni kwamba mashine hiyo, pamoja na kaseti maalum inayopokea faili kutoka kwenye kompyuta, vimenunuliwa kimya kimya kwa hela ya bati. Nyumba yao imefika kwenye lenta, na Singida mvua ni msimu mmoja: zikianza Novemba au Desemba, hazimsubiri mtu. Mwalimu anauliza: niiuze hiyo takataka, au nirudi kwetu?

Mdogo wangu, tuliza moyo. Kwanza tuelewe ni nini kimemshika shemeji.

Sega Mega Drive ilitoka Japani mwaka 1988. Ndani yake kuna chipu ya Yamaha inayoitwa YM2612, inayotengeneza sauti kwa njia ya FM. Siyo FM ya redio unayoisikia kwenye daladala, ingawa hesabu zake ni ndugu. Hapa wimbi moja la sauti linatikiswa na wimbi jingine. Likitikiswa polepole, unasikia sauti inayoyumba, kama mwimbaji wa taarabu anavyoichezesha koo. Likitikiswa kwa kasi sana, sikio linashindwa kuufuata mtikisiko, linasikia sauti ya aina nyingine kabisa: kengele, chuma, besi nzito.

Aliyeligundua hilo ni John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967. Yamaha wakanunua haki ya kulitumia, na mwaka 1983 wakatoa kinanda cha DX7, kilichotawala muziki wa pop wa miaka hiyo. Chipu ya Sega ni mdogo wake: inatoa sauti sita za FM kwa mpigo, kila moja ikijengwa kwa mawimbi manne. Mwaka 1991 Mjapani Yuzo Koshiro aliitumia kwenye gemu la Streets of Rage, akaleta muziki wa klabu sebuleni. Na ulipoifananisha na simu hukukosea, maana baadhi ya simu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitumia chipu za FM za Yamaha kwa milio yake.

Kuna jambo jingine uliligusia kwa kupita, nami likanigusa. Umesema shemeji anahangaika kuipata sauti ya ilimba. Hiyo ndiyo ala iliyomtembeza dunia marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma, jirani zenu, aliyefariki mwaka 2003. Ilimba ina ndimi za chuma, na sauti za chuma ndizo FM inazozimudu kuliko zote. Kwa hiyo mumeo hajarukwa na akili. Anajaribu kupika kitu cha nyumbani kwenye sufuria ya Kijapani.

Sasa tuje kwenye ndoa. Hapa kuna kesi mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni muziki, na hiyo haina mshtakiwa. Ya pili ni hela ya wawili iliyotoka kwa uamuzi wa mmoja. Hiyo ndiyo inayouma, na ingeuma hata kama angenunulia mbuzi. Ukiiuza Sega kwa siri, utakuwa umefanya kosa lile lile alilolifanya yeye, halafu nyumba itakuwa na wafanya siri wawili.

Kaeni chini siku isiyo na hasira, Jumapili mchana, ikiwezekana baada ya ugali wa kuku. Mweleze kwa shilingi: bati zinazohitajika ni ngapi, kilichobaki ni kiasi gani, na ukuta wa tofali za tope utakuwaje ukinyeshewa. Mwambie ateue mwenyewe atairudishaje hela hiyo, na kwa tarehe ipi. Mpaka paa lipande, asinunue hata waya. Na saa saba za usiku zishuke mpaka saa nne, mara tatu kwa wiki, kwa hedifoni.

Shemeji, kama umelishika gazeti hili, nawe sikia. Ipo programu ya bure inayoitwa Furnace, inayoiga chipu ya YM2612 ndani ya kompyuta ya kawaida. Ipo na Dexed, ya bure pia, inayoiga DX7. Ungeweza kujifunza mwaka mzima bila kugusa bati hata moja. Mashine halisi ina raha yake, sikatai, lakini ingeweza kusubiri. Mvua haiwezi.

Mwalimu, nikuombe na wewe kitu kimoja. Usiku mmoja ingia chumba cha pili, ukae, umwambie akutengenezee sauti moja mbele yako. Usimkosoe. Mtu anayefunga mlango mara nyingi anaogopa kuchekwa kabla kazi haijaiva. Akikufungulia na daftari la hela pia, mna ndoa ya kujenga, endeleeni. Akikataa kuzungumzia hela kabisa, basi ujue tatizo lenu halimo ndani ya Sega, na hapo ndipo pa kuwaita wazee wa pande zote mbili kabla hujafunga begi la kwenda kwenu.

Wapenzi, hebu mwulizane leo: kuna hela gani imetoka ambayo mwenzio haijui? Tukutane mwezi ujao. Mpendane!