Pipi si lazima Siku ya Wapendanao

Mhariri,

Februari 14 ikikaribia, maduka ya Dar es Salaam hujaa pipi nyekundu, nasi wazazi tunanunua kana kwamba watoto hawana njia nyingine ya kuonyesha upendo. Wanayo: kadi ya kujitengenezea. Omba mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani. Mengi huishia jalalani. Kunja karatasi ya manila katikati, mtoto achore nusu ya kopa kwenye mkunjo, akate, akunjue: pande zote mbili zinalingana, na hapo utamwona anavyofurahi! Abandike vitambaa kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji mzito, kisha ampelekee bibi yake. Mkasi uwe wa ncha butu. Walimu wa chekechea, tafadhali watangazieni wazazi mapema: mwaka huu kadi, si pipi.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam