Sifa ya Mwalimu na Haki ya Mwanafunzi

Chuo Kikuu cha Cambridge hutajwa kwa orodha ya waliopata Tuzo ya Nobel. Orodha hiyo ni ya fahari, lakini si mizani ya haki.

Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa utafiti chuoni humo, alikagua kwa macho yake karatasi za mtambo wa redio alioshiriki kuujenga, kiasi cha mita 30 kila siku. Akaona alama ndogo asiyoielewa. Mwalimu wake, Antony Hewish, alidhani ni kelele za mitambo ya wanadamu. Binti hakuridhika, akaifuatia mpaka ikathibitika kuwa ni nyota ipigayo mpigo mmoja kila sekunde moja na theluthi. Mwaka 1974 tuzo ikapewa Hewish na Martin Ryle.

Watetezi husema kwamba mwalimu ndiye aliyeubuni mtambo, na hata Bell mwenyewe hakulalamika. Kweli, mwalimu alistahili. Lakini tuzo hiyo huweza kugawanywa kwa watu watatu, na mwaka ule waligawana wawili. Nafasi ilikuwapo, kilichokosekana ni insafu. Na uungwana wa aliyedhulumiwa haugeuzi dhuluma kuwa haki.

Mwaka 2018 Bell alipewa tuzo nyingine, dola milioni 3. Zote alizitoa zisomeshe wanafunzi ambao milango ya fizikia huwafungukia kwa shida. Aliyenyimwa fungu lake ndiye aliyewafunza wakubwa kugawa.