Weupe wa Anemoni Ni Maradhi
Muuzaji akikuonyesha anemoni wa baharini mweupe pe na kumsifia kwa urembo, ujue anakuuzia mgonjwa. Rangi aliyopoteza ni ya mwani mdogo mno unaoishi mwilini mwake, ukitengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia. Maji yakizidi joto, mwani humtoka naye hubaki na njaa. Wengi basi humshindilia pande la samaki. Hulimeza, kesho akalitapika, na vijinguvu alivyokuwa navyo vimeishia hapo. Mpe kipande cha kamba kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, mara mbili kwa wiki. Joto la tangi likae kwenye nyuzi 25 au 26 za Selsiasi, chumvi isiyumbe, mwanga uongezwe taratibu, kwa wiki kadhaa (hapa ndipo wenye haraka hushindwa). Wale samaki wa rangi ya chungwa waliovuma kwa filamu ya Finding Nemo ya 2003 wahamishe kwanza, maana humsumbua mgonjwa bila huruma. Pampu ifunike kwa sponji, kwani anemoni asiyeridhika huhama, akanyonywa na kukatwakatwa. Akianza kunuka na kumeguka, mtoe siku hiyo hiyo: uozo wake huweza kuua tangi zima.